Kunakili Picha: Ni Kujifunza au Ni Wizi?

Ndugu msomaji, Kiswahili chetu kina methali mbili ambazo nikiziweka pamoja hunivuruga akili. Ya kwanza inasema, fuata nyuki ule asali. Ya pili, ambayo wazee huisema kwa ukali na sisi vijana huishia kucheka, inasema ukiiga tembo kunya utapasuka msamba. Sasa kijana afanye nini? Aige au asiige? Swali hili ninalo tangu nikiwa kidato cha tatu, na leo nalileta kwenu kwa sababu naamini si langu peke yangu. Ni la kila kijana anayeshika penseli bila mwalimu, awe anachora au anaandika.

Mimi ni mtu wa Malampaka, wilaya ya Maswa, mkoani Simiyu. Kwa asiyepajua, ni mji mdogo wa stesheni kwenye reli inayotoka Tabora kwenda Mwanza, katikati ya nchi ya pamba. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo hayakunibeba, na sasa naandika riwaya ambayo bado haijafika hata katikati. Lakini kabla ya riwaya nilikuwa mchoraji, na mpaka leo kuna siku ugali wangu hutoka kwenye penseli. Hakuna aliyenifundisha. Shuleni hatukuwa na mwalimu wa sanaa wala sanduku la rangi. Dukani waliuza penseli ya HB tu. Hizo laini za 2B na 6B nilizisoma kwenye kitabu kama mtu anayesoma habari za theluji. Giza la picha zangu nililitafuta kwenye mkaa wa jikoni.

Basi mwalimu wangu alikuwa nani? Walikuwa picha za watu wengine. Mjomba wangu alikuwa na sanduku la magazeti yake ya ujana, na humo mlikuwa na Sani za zamani, zile za akina Madenge na Ndumilakuwili. Nilizinakili mpaka kurasa zikalegea. Nikanakili ng'ombe kwenye kopo la maziwa, nikanakili vichwa vilivyochorwa kwenye ubao wa kinyozi, nikanakili kalenda za ukutani. Mkono wangu ulipata ufundi kwa njia hiyo, na sioni haya kusema. Haya yangu yako mahali pengine, na hapo ndipo nataka tuanzie.

Ilikuwa siku ya wazazi shuleni. Wanafunzi wenye vipaji tuliambiwa tuonyeshe kazi zetu. Nyumbani kwa jirani kulikuwa na kalenda yenye picha ya chui wa mtindo wa Tingatinga, madoa yake yamepangwa kama vifungo, macho ya duara, mkia umepinda juu ya mgongo. Nilimnakili chui yule kwenye karatasi ya manila, doa kwa doa, kwa rangi ya mafuta iliyobaki pale fundi alipomaliza kupaka baiskeli. Chini upande wa kulia nikaandika jina langu kwa herufi kubwa kuliko macho ya chui. Wazazi walijaa mbele ya picha yangu. Mgeni mmoja alinishika mkono, akanipa shilingi 10,000, akasema nitafika mbali.

Jirani yangu wa dawati naye alileta picha. Alikuwa amechora ng'ombe wa nyumbani kwao akinywa maji. Miguu ilikuwa mibovu, mmoja mrefu kuliko mwingine. Lakini nikwambie ukweli, yule ng'ombe alikuwa amechoka. Mifupa ya nyonga ilikuwa imetokeza kama inavyotokeza mwezi wa tisa majani yakiisha, na shingo ilikuwa imelegea kwa namna ambayo ukiwa mtu wa kwetu unaijua hata gizani. Hakuna aliyesimama pale. Watu walipita wakija kumwona chui.

Yule jamaa aliijua kalenda. Alikuwa ameiona zaidi ya mara moja. Hakunisema kwa mwalimu wala kwa wanafunzi wenzetu. Alinitazama tu, akakunja karatasi yake, na sikumwona akichora tena. Siku hizi anaendesha bodaboda. Mwaka jana tukiwa kijiweni nilijipa moyo nikamuuliza kwa nini aliacha. Akacheka, akasema, "Mimi niliona kumbe watu hawataki ng'ombe wa kweli."

Maneno hayo yamekaa kifuani mwangu kama mwiba wa samaki. Ndiyo yaliyonifanya niandike makala hii.

Sasa tujiulize kwa utulivu, kosa langu lilikuwa nini? Wapo watakaosema kosa ni kunakili kwenyewe. Na hao si watu wadogo. Mmoja wao ni Elimo Njau, mchoraji mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro, aliyesoma sanaa Makerere na mwaka 1965 akawa miongoni mwa walioanzisha jumba la sanaa la Paa ya Paa jijini Nairobi. Msemo wake unajulikana na wasanii wengi wa Afrika Mashariki: usinakili, maana kunakili humlaza Mungu usingizi. Nilipousikia mara ya kwanza nilishtuka kama aliyekamatwa akipiga chabo kwenye mtihani. Nilivyouelewa mimi ni hivi: Mungu amekupa jicho lako, na ukitumia jicho la mwingine, lile ulilopewa linabaki bila kazi, na aliyelitoa anabaki bila la kufanya kwako.

Njau hakusema tu, alitenda. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alichora kuta za kanisa moja huko Murang'a, Kenya, akionyesha maisha ya Yesu. Angeweza kunakili Yesu wa kwenye kalenda za kanisani, yule mweupe mwenye nywele za dhahabu ambaye sote tumemzoea. Hakufanya hivyo. Alimchora Mwafrika, katika mandhari ya vilima vya pale pale, kati ya watu ambao waumini wale wangeweza kukutana nao njiani. Fikiria uzito wa jambo hilo kwa mtu aliyekaa kwenye benchi la kanisa lile. Kama Njau angenakili, ukuta ungejaa rangi, lakini mtu yule asingejiona.

Hoja hii ina nguvu, nami naiheshimu. Lakini niruhusu niseme neno kwa niaba ya sisi tusiofika Makerere. Shule ya sanaa ya Makerere iliasisiwa na Margaret Trowell, mwalimu aliyewasimulia wanafunzi wake hadithi ili wachore walichokiona vichwani mwao. Ni jambo zuri mno. Mwenye mwalimu wa namna hiyo anaambiwa asinakili, kisha anaonyeshwa cha kufanya badala yake. Mtoto wa Malampaka ukimwambia asinakili halafu ukaondoka, umemwachia nini? Umemnyang'anya mwalimu pekee aliyekuwa naye. Hajui hata kwamba macho ya binadamu hukaa katikati ya kichwa na si karibu na nywele, kama karibu kila anayeanza anavyoyaweka. Atalijua wapi jambo hilo kama si kwa kuangalia picha ya anayejua?

Na hapa anakuja shahidi wangu wa pili, ambaye ni yule yule aliye nyuma ya chui wangu wa kalenda. Edward Saidi Tingatinga alikuwa mtu wa kusini, kutoka Tunduru. Alienda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, kisha akaja Dar es Salaam akiishi kwa vibarua. Hakusoma shule ya sanaa. Mnamo mwaka 1968 alianza kuchora kwenye vipande vya hadibodi, vya futi 2 kwa futi 2 hivi, kwa rangi ya kung'aa ile ile wanayopaka baiskeli. Picha ziliuzwa Oyster Bay, karibu na Morogoro Stores, walikopita Wazungu wenye pesa. Alipoanza kupata riziki, aliwaita jamaa zake. Akina January Linda, Simon Mpata, Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu na Kaspar Tedo walikaa naye wakajifunza. Walijifunzaje? Kwa kumtazama na kufanya kama anavyofanya.

Mwaka 1972 Tingatinga alipigwa risasi na polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Alikuwa amechora kwa miaka kama minne tu. Kama kunakili kungekuwa dhambi tupu, sanaa yake ingezikwa naye siku ile. Badala yake wanafunzi waliendelea, wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wakaunda ushirika wao. Leo mtindo huo unabeba jina la mtu mmoja na jasho la mamia. Katika sanaa ile, mchoraji akibuni ndege mpya anayependwa na wateja, haipiti muda ndege yule anachorwa na wenzake. Wapo wanaolalamika, na wana sababu ya kulalamika. Lakini ndiyo shule yenyewe, na ada yake ni kwamba ulichokopa kwa mwenzako nawe utakopwa.

Wala jambo hili si la Afrika peke yake. Vincent van Gogh, ambaye jina lake linatajwa hata na asiyejua kushika brashi, aliamua kuwa mchoraji mwaka 1880 akiwa na miaka 27. Alikuwa ameshindwa kazi zaidi ya moja. Alichukua karatasi za mafunzo za Charles Bargue akazinakili, akamaliza, akarudia. Alinakili picha za wakulima za Millet. Na usidhani alifanya hivyo kwa sababu hajajua. Miaka ya 1889 na 1890, akiwa amelazwa huko Saint-Rémy, mkono wake umeshakomaa, alirudi tena kwa Millet. Safari hii picha alizokuwa nazo hazikuwa na rangi, yeye akazitia rangi zake. Alijilinganisha na mpiga muziki anayepiga wimbo uliotungwa na mwingine. Hakuficha kwamba wimbo ni wa Millet.

Ndugu msomaji, shika hapo. Hakuficha.

Nadhani hapo ndipo tofauti ilipo. Kiswahili kina maneno mengi kwa jambo hili na sisi tunayachanganya. Kunakili ni kutoa kitu kama kilivyo. Kuiga ni kufuata namna ya kutenda. Kukopa ni kuchukua ukijua utarudisha. Kughushi ni kufanya cha bandia kipite kama halisi. Mkono wangu siku ile ya wazazi ulinakili tu. Kilichoghushi ni jina langu pale chini. Laiti ningeandika kwa herufi ndogo, "nimenakili kutoka kwenye kalenda," watu wangeusifu mkono wangu vile vile, maana madoa yalipangika kweli. Kisha wangegeuka. Wangemwona ng'ombe wa jirani yangu, na pengine mtu mmoja, mmoja tu, angesema huyu hakunakili popote, huyu alikaa zizini akatazama.

Kwa hiyo niliyemwibia ni nani? Kwa muda mrefu nilidhani ni mchoraji wa kalenda. Sasa naona huyo alipoteza kidogo. Niliyemwibia hasa ni jirani yangu wa dawati. Nilichukua macho ya watu yaliyokuwa haki yake. Nchi yetu ina Sheria ya Hakimiliki tangu mwaka 1999, na ni sheria njema, ina kazi yake kwa wanaouza jasho la wengine. Lakini hakuna sheria inayoweza kumlipa fidia kijana aliyeacha kuchora kwa sababu ya uongo wangu.

Tena jambo hili la jina lina historia ndefu kuliko mimi. Huku kwetu Usukumani walikuwapo Bayeye, chama cha wacheza nyoka, nao walichora picha kwenye kuta za ndani za nyumba walizokutania. Mwaka 1953 kilitoka London kitabu kuhusu michoro hiyo. Jina lililo juu ya jalada ni la Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyefanya kazi katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Simlaumu kwa kuihifadhi, maana kuta za udongo hazidumu, na bila yeye huenda mimi nisingejua kwamba wazee wetu walichora. Lakini nikilifikiria jalada lile najiuliza maswali. Huko Ulaya nako, mwaka 1907, Picasso aliviona vinyago vya Afrika kwenye makumbusho ya Paris, na nyuso alizochora baada ya hapo zikafanana navyo. Dunia ikamwita bingwa. Mchonga kinyago hakuitwa kitu. Inaonekana mwenye nguvu akinakili huitwa mvumbuzi, na asiye nacho akinakili huitwa mwizi. Kama tunataka haki basi kipimo kiwe kimoja kwa wote: umechukua kwa nani, na je, umemtaja?

Ningeweza kuishia hapa, makala ikawa fupi na safi. Lakini kuna tukio la miaka miwili iliyopita lililonionyesha kwamba unaweza kunakili bila kumwibia mtu, ukataja kila kitu, na bado ukakosea.

Kazi inayonipa pesa mara nyingi ni kuchora marehemu. Watu wengi wa kwetu wanaondoka duniani wakiwa wameacha picha moja tu, nayo ni ile ya kitambulisho. Familia huniletea niikuze. Basi alikuja mama mmoja mjane, akiwa ameshika kadi ya mpiga kura ya mumewe iliyofungwa kwenye kitambaa. Nikamsalimia, "Mwangaluka mayu," tukapatana shilingi 15,000.

Nilifanya kazi ile kwa umakini kuliko nilivyowahi. Nilipiga kopi ya kadi, nikaigawa kwa miraba midogo, nikachora miraba mikubwa kwenye manila, nikahamisha mraba baada ya mraba. Siku tatu. Kila mkunjo wa paji la uso ulikaa mahali pake. Nilijua kabisa kwamba ukiweka picha mbili sambamba hutaona kosa.

Mama akaja. Akaitazama muda mrefu. Nikasubiri sifa. Akasema kwa sauti ya chini, "Ni yeye. Lakini mwanangu, mbona anaogopa? Baba watoto hakuwa mwoga."

Nikaichukua kadi nikaiangalia upya. Kweli bwana. Yule mzee alikuwa amesimamishwa mbele ya kamera, shingo imekakamaa, macho yametumbuka kama sote tunavyofanya tukiambiwa usicheke, usitikisike. Nilikuwa nimetumia siku tatu kunakili woga wa dakika moja, nikaukuza mara kumi, nikataka mjane autundike ukutani uwe ndiyo mume wake milele. Nilizihesabu nywele za nyusi zake lakini sikumuuliza mkewe hata swali moja.

Nikamwomba akae. Nikamuuliza mzee alikuwa mtu wa namna gani. Mwanzoni hakujua aseme nini, kisha akafunguka. Alisema mumewe akisikiliza mtu alikuwa anainamisha kichwa upande wa kulia kidogo, kwa sababu sikio moja lilikuwa zito. Alisema ikifika mwezi wa kumi na moja, watu wanapongoja mvua ili wapande pamba, alikuwa akisimama mlangoni akikunja macho kuangalia mawingu, na mdomo wake ulikuwa kama unataka kucheka ingawa hakuna cha kucheka. Alisema mdogo wake marehemu bado yupo na wanafanana kuanzia pua kwenda chini. Nikamwendea huyo mdogo mtu, akanikalia nje ya nyumba yake jioni mbili, nikamchora akiwa anaongea na wajukuu.

Picha ya pili ukiilinganisha na kadi haifanani sana. Kichwa kimeinama, macho yamekunjwa. Nilipompelekea mama hakusema neno. Alitoa kitambaa kile kile alichofungia kadi akajifuta uso. Zote mbili alizichukua. Ile ya kwanza akasema ataiweka pamoja na makaratasi ya familia, ile ya pili akasema inakaa sebuleni.

Nimejiuliza mara nyingi, je, picha ya pili si uongo? Mimi sikuwahi kumwona mzee yule akiangalia mawingu. Nilibuni. Jibu langu ni hili: sikubuni peke yangu, nilikuwa na shahidi. Na nyuma ya karatasi niliandika kwa wino nilivyoipata: uso kutoka kwenye picha ya kadi, kidevu na pua kutoka kwa mdogo wake, mengine kutoka kwenye maneno ya mkewe. Yeyote atakayeitazama miaka ijayo atajua ni wapi nilipoona na ni wapi nilipoambiwa.

Ndipo nikamwelewa Elimo Njau vizuri zaidi kuliko siku ile niliposhtuka. Kunakili kubaya ni kule kunakokupa ruhusa ya kutomtazama mtu aliye mbele yako. Unakuwa na karatasi, huna haja ya kuuliza. Unakuwa na chui wa kalenda, huna haja ya kwenda zizini.

Tangu hapo nimebadili namna ya kujifunza, na kwa kuwa wasomaji wa gazeti hili wengi wenu ni wachoraji na waandishi mnaojifunza wenyewe, niseme ninavyofanya. Bado nanakili. Sitaacha. Lakini nanakili nikiwa na swali moja: huyu alifanyaje manyoya yaonekane laini? Huyu alitumia mistari mingapi kuonyesha mtu ana njaa? Nikishapata jibu, naiweka karatasi chini na kutoka nje na swali lile lile. Siku moja ya kunakili, siku mbili za kutazama. Zamani nilikwenda stesheni kupunga upepo, siku hizi nakwenda na daftari. Mtu anayengoja safari ni mwalimu mzuri kwa sababu hana haraka wala hajui kama unamtazama, na akijua ninamwonyesha nilichochora na kumwomba radhi.

Nanyoosha mkono, nafumba jicho moja, napima kwa penseli. Vitabu vinasema mtu mzima aliyesimama hukaribia urefu wa vichwa 7 na nusu. Nimepima watu wengi na nimekuta kila mmoja ana hesabu yake, na hapo ndipo raha ilipo. Nikichora kigoda nachora kwanza ile nafasi tupu iliyo kati ya miguu yake, maana kigoda nadhani nakijua, ila nafasi ile siijui, kwa hiyo nalazimika kuitazama. Mara nyingine naigeuza picha ninayonakili chini juu, ili akili isiniambie "hili ni jicho" na kunichorea jicho la kukariri. Mbinu zote hizi lengo lake ni moja, kuzuia kile unachodhani unakijua kisikufiche kilichopo. Huo kwangu si ufundi tu. Ni adabu kwa unayemchora.

Na kila karatasi ya nakala, hata ya mazoezi, naandika nyuma herufi N na jina la niliyemnakili. Haichukui hata dakika, na imenisaidia sana. Kijana anayejua alichokopa anajua pia kilicho chake, hata kama ni kidogo. Mimi baada ya mwaka mzima nilihesabu karatasi zangu nikakuta zisizo na N ni chache, na nyingi ni mbaya. Lakini sikuzichoma. Moja ni ya ng'ombe. Miguu mibovu.

Kwa sisi tunaoandika, mambo ni yale yale. Nani kati yetu hakuanza kwa kumwandika Willy Gamba wa Elvis Musiba kwa jina jingine? Riwaya yangu ya kwanza, ambayo namshukuru Mungu mchwa waliila, ilikuwa na mpelelezi aliyevaa miwani myeusi akishuka kwenye ndege Nairobi. Mimi Nairobi sijafika. Kwenye ndege sijapanda. Nje ya dirisha langu palikuwa na mama anabishana na mnunuzi wa pamba juu ya mzani, na sikumwona kwa sababu nilikuwa nanakili. Kujifunza sentensi kwa Musiba si kosa. Kosa ni kumwacha yule mama pale kwenye mzani bila mtu wa kumsikiliza.

Wapo watakaoniambia kwamba hoja yote hii imepitwa na wakati, kwamba siku hizi kuna programu za simu, unaandika maneno mawili na inakutolea chui mzuri kuliko wa kalenda. Ni kweli, nimeonyeshwa. Lakini kwangu hilo linaongeza uzito wa swali, halipunguzi. Kama kunakili kumekuwa rahisi hivyo, kilichobaki kuwa cha mtu ni vitu viwili: kwenda kutazama, na kusema ukweli wa ulikotoa. Simu haiwezi kukaa jioni mbili nje ya nyumba ya mdogo wake marehemu.

Basi turudi kwenye methali zetu. Naona sasa hazigombani. Fuata nyuki, ndiyo, maana bila nyuki hutajua mzinga ulipo. Lakini ukishafika usijifanye wewe ndiye uliyetengeneza asali.

Na kwa jirani yangu wa dawati, ambaye huwa ananibeba kwenye bodaboda yake na kukataa nauli: nimekuwekea penseli, na safari hii ni 2B ya kweli, nimeagiza Mwanza. Ulisema watu hawataki ng'ombe wa kweli. Huenda ulikuwa sahihi siku ile, na aliyewafanya wasimtake ni mimi. Mimi namtaka. Nikija kukuona nitakuja na karatasi mbili, tukae zizini kwenu, kila mtu achore wa kwake.